Wahusika Wanapogombana Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wachezaji wa michezo ya kuigiza ya mezani hapa Kisumu, pamoja na wenzetu wa Kakamega na Nakuru, huuliza kikosi kinapoanza kuvutana chenyewe kwa chenyewe. Kwa msomaji mgeni: kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja, msimamizi huongoza ulimwengu na watu wengine wote waliomo, kikosi ni wahusika wa wachezaji wakiwa pamoja, na dadu hurushwa pale matokeo yasipojulikana.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mgogoro kati ya wahusika wawili ni mali ya wachezaji wote wawili, na hakuna mmoja wao mwenye haki ya kuuanzisha, kuuendesha au kuumaliza peke yake. Karibu kila jibu hapa chini linatoka hapo.

Mgogoro wa wahusika unatofautianaje na ugomvi wa wachezaji?

Chukua kikosi cha wavuvi wanne wa Dunga, katika ziwa la kubuni lenye majini na visiwa vinavyohama usiku. Wamemwokoa mtu aliyekuwa akizama. Kunapopambazuka wanamtambua: ni mtoza ushuru aliyeamuru kijiji cha Atieno kichomwe. Atieno anataka arudishwe majini. Barasa, mwenye mashua, alikwisha kula kiapo kwamba hakuna atakayekufa maji akimtazama. Sauti zinapanda, kasia linainuliwa, na wachezaji wanaowaongoza Atieno na Barasa wameinamia meza, kila mmoja ana hamu ya kusikia mwenzake atajibu nini. Huo ni mgogoro wa wahusika, na sijui kitu kitamu zaidi ambacho mchezo huu unaweza kutoa.

Ugomvi wa wachezaji una dalili nyingine. Mtu ananyamaza na kushika simu. Anaacha kusema "Barasa anakataa" na kuanza kusema "wewe kila mara unaniharibia." Anawatazama wengine akitafuta wa kumuunga mkono. Ukiona hivyo, habari ya mashua na mtoza ushuru imekwisha. Kuna watu wawili walioumizana, na wanawatumia wahusika kusema wasichoweza kusema wenyewe. Hakuna dadu inayoamua jambo hilo. Simamisheni mchezo, chemsheni chai, mzungumze.

Ukishindwa kutofautisha, muulize kila mmoja kwa jina lake halisi: "Unataka tukio hili liendelee?" Anayefurahia atajibu haraka. Anayesita ameshajibu.

Si afadhali tupige marufuku kabisa wahusika kugombana?

Kwa meza ya watu wasiojuana, pigeni marufuku bila kusita. Mpango wa michezo ya wazi wa Pathfinder Society, ambapo mtu hukaa na wageni kabisa, haumruhusu mchezaji kumuua kwa makusudi mhusika wa mwenzake, na hilo ni busara.

Kwa marafiki wanaokutana mara kwa mara, marufuku ya jumla hutupa nje jambo ambalo liliuzaa mchezo wenyewe. Mwaka 1969, huko Minnesota nchini Marekani, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita uliokuwa tofauti na ile waliyoizoea. Ulihusu mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, wakati wa vita vya Napoleon. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, aliwapa watu: wachezaji wengi walikuwa wakazi wa mji, kila mmoja na malengo yake, na malengo hayo yaligongana. Wachezaji walianza kunong'onezana pembeni, kupanga njama, hata kugombana wao kwa wao. Wesely alidhani mambo yameharibika. Wachezaji wakataka mchezo mwingine kama huo. Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, ambaye baadaye, akiwa na Gary Gygax, alitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Kikosi kilichoshikamana dhidi ya maadui wa pangoni kilikuja baadaye. Watu wenye nia zinazopingana walitangulia.

Tunacheza Dungeons & Dragons. Wahusika wawili walipigana na pambano likaisha kwa zamu moja. Tulikosea kanuni?

Hamkukosea. Kanuni za mchezo huo zimepimwa kwa kikosi kinachosaidiana dhidi ya adui wa nje, na vipimo vyake huvurugika mara vinapoelekezwa ndani.

Tazama toleo la 2014. Uchawi wa usingizi, ambao mchawi anaweza kuwa nao tangu kiwango cha kwanza, hurushiwa dadu 5 za pande 8, wastani 22.5, na jumla hiyo huwalaza waliopo kuanzia mwenye pointi chache za uhai. Anayelengwa hapewi dadu ya kujinasua. Mpiganaji wa kiwango cha kwanza ana pointi 10 pamoja na nyongeza ya ukakamavu wa mwili, tuseme 13 kwa jumla. Asipokuwa na asili ya elfi, viumbe wa kubuni ambao uchawi huo hauwalazi, ameanguka. Kufikia kiwango cha 3 mchawi huyo anaweza kumgandisha mtu mahali alipo, na kila pigo linalompata aliyegandishwa kutoka karibu huhesabiwa kuwa pigo la hatari, lenye dadu za madhara maradufu. Dhidi ya jitu au kundi la majambazi hayo yote yana nafasi yake. Dhidi ya mwenzako, pambano zima linakuwa ni swali la nani amepata zamu ya kwanza, yaani mrusho mmoja wa dadu ya pande 20. Kampeni, yaani hadithi moja iliyochezwa kwa miezi, haifai kuvunjikia hapo.

Isitoshe, matoleo ya zamani yalipanda ugomvi ndani ya kanuni zenyewe. Mwizi, kama aina ya mhusika, aliingia katika nyongeza ya 1975 akiwa na ujuzi wa kuchomoa mifuko ulioandikiwa asilimia zake, na wachezaji wengi waliona mfuko wa karibu zaidi ni wa mwenzao. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilikuwa na paladini, shujaa aliyefungwa na wema, asiyeruhusiwa kuandamana na waovu, na ndani ya jalada hilohilo kulikuwa na muuaji wa kukodiwa aliyelazimika kuwa mwovu. Wachezaji wawili wakichagua hivyo, uhasama umeshaandikwa kabla ya yeyote kufungua mdomo. Matoleo ya karibuni yameondoa vifungo hivyo, ila mazoea bado yapo, hasa kwa waliofundishwa na kaka zao wakubwa.

Mwenzetu huvuruga kila mpango kisha anasema, "Ndivyo mhusika wangu angefanya." Tumjibu nini?

Mwambieni kwamba mhusika wake hana mikono. Aliyempa tabia, kiapo, hasira na tamaa ni mchezaji, na mchezaji ndiye anayechagua, kila dakika, tendo moja kati ya mengi ambayo mhusika huyo angeweza kulifanya bila kujikana.

Mfano. Mhusika wake ni mwizi asiyeweza kuona fedha akaiacha. Kikosi kimealikwa kwa chifu. Mwizi huyo angeweza kuiba kikombe cha chifu na kuwaingiza wote taabani. Angeweza pia kukitazama chakula kizima kikipoa huku vidole vinamwasha. Angeweza kumnong'oneza Barasa, "Nishike mkono, la sivyo tutafukuzwa." Angeweza kuiba kisha akarudisha, akakamatwa wakati wa kurudisha. Yote manne yanalingana na tabia yake. La kwanza linawanyima wenzake mchezo; matatu yanawapa kitu cha kuchezea. Mchezaji mzuri hujizoeza kuona la pili, la tatu na la nne.

Mara nyingine shida ni kwamba mhusika aliundwa bila sababu yoyote ya kuwa na watu hawa. Mpweke, hamwamini mtu, hana deni wala ndugu. Mhusika wa namna hiyo hupendeza katika hadithi anayoisoma mtu peke yake. Mezani, mwombeni mchezaji ajibu swali moja kabla ya kikao kijacho: ni nani kikosini ambaye mhusika wako hawezi kumwacha afe, na kwa nini? Jibu likipatikana, mhusika anaweza kuwa mkali kadiri anavyotaka, kwa sababu sasa ukali wake una mipaka.

Ruhusa inaombwaje bila kuua ladha?

Kwa sekunde kumi, na kwa lugha ya kawaida. "Omera, nataka mhusika wangu amchomolee wako ile barua. Uko sawa?" Akikubali, muulizane mambo mawili: hasara kubwa kabisa inayoweza kutokea ni ipi, na nani anaamua matokeo. Kisha rudini ndani ya hadithi.

Kwenye meza yangu anayelengwa ndiye anayeamua. Ukisema unampiga mhusika wangu ngumi, mimi ndiye ninayesema kama imenipata, na imenifanya nini. Watu huhofia kwamba kila mlengwa atasema "imenikosa." Kinachotokea ni kinyume. Mtu akijua hawezi kulazimishwa, hulegea, na mara nyingi hujipa pigo kubwa kuliko ambalo wewe ungethubutu kumpa. Nimeona mhusika akitobolewa jicho kwa hiari ya mwenyewe, kwa sababu mchezaji wake alitaka kovu la kukumbuka ugomvi ule.

Wanaosema ruhusa huondoa msisimko, waende Khayega au Shinyalu siku ya fahali kupigana. Wenye fahali wamekwisha kukubaliana nani akutane na nani, kijiji kizima kinajua, isukuti inalia tangu alfajiri, na bado hakuna anayesinzia.

Mezani kwetu kuna mtu na mjomba wake, au bosi na mwajiriwa wake. Ruhusa hiyo ni ya kweli?

Swali hili nalijali kuliko mengine yote, kwa sababu kanuni nyingi za michezo hii ziliandikwa na watu wanaodhani kila aliyeketi mezani anaweza kusema hapana. Kwetu si hivyo. Meza za Milimani, Nyalenda au Manyatta huundwa na watu wanaojuana nje ya mchezo: ndugu, waumini wa kanisa moja, mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani, mwenye nyumba na mpangaji. Kijana aliyelelewa vizuri hamwambii mjomba wake "sikubali" mbele za watu. Mjomba akiuliza, "Si ni sawa mhusika wangu akimpora wako ile dhahabu?" kijana atajibu, "Sawa tu, mjomba," huku moyo umekataa. Kwa macho ya kanuni, ruhusa imetolewa. Kwa kweli haikutolewa, na baada ya vikao viwili vitatu kijana ataanza kuwa na shughuli nyingi za Jumamosi.

Kwa hiyo msimamizi aulize mwenyewe, faraghani, siku moja kabla, na aanze na mdogo. Swali liwe wazi kiasi kwamba kukataa hakuonekani utovu wa adabu: "Mhusika wako na wa mjomba wanaelekea kugongana. Ungependa liende vipi?" Ukiuliza "Una tatizo?" umeshamfunga mdomo. Jibu likiwa hapana, msimamizi alibebe yeye: "Nimeamua tukio lile tusilifanye." Mjomba hahitaji kujua lilitoka wapi.

Mkubwa naye ana kazi yake. Njia bora niliyoiona ni mkubwa kuanza kupoteza. Mhusika wa mjomba akitukanwa, akiangushwa, akicheka na kuinuka mbele ya wote, wadogo hujifunza kwamba mezani hapa mtu anaweza kumpinga mzee na bado akapewa chapati. Baada ya hapo "ndiyo" yao ina uzito.

Niongeze jambo ambalo watu hulipita. Akiwa mezani mwanamke mmoja, wanaume watatu wakawafanya wahusika wao wamtongoze mhusika wake, huo pia ni mgogoro wa wahusika, hata kama kila mtu anacheka. Kwetu hakuna mapenzi yanayoelekezwa kwa mhusika wa mtu yeyote mpaka mchezaji mwenyewe ayaombe. Kanuni hii haijawahi kutuharibia hadithi.

Naweza kurusha dadu ili kumshawishi mhusika wa mwenzangu?

Kwa nguvu, hapana. Ukimrushia mlinzi wa lango dadu ya ushawishi, msimamizi ana mamia ya walinzi wengine. Ukimrushia mwenzako, umemnyang'anya kitu pekee alicho nacho mezani, yaani uamuzi wa mhusika wake.

Kuna michezo iliyotatua jambo hili kwa ustadi, na unaweza kuazima njia zake hata kama hubadili mchezo. Katika Apocalypse World ya Vincent Baker, ya 2010, dadu nzuri haimlazimishi mhusika wa mchezaji mwingine. Inaweza kumpa mlengwa pointi ya uzoefu akikubali kufanya unachotaka, au kumwekea ugumu akikataa. Uamuzi unabaki wake, ila sasa una bei.

Ninayoipenda zaidi ni Hillfolk ya Robin D. Laws, ya 2013. Ndani yake karibu kila tukio la maneno lina mwombaji na mwombwaji. Mwombaji anataka kitu cha moyoni: heshima, msamaha, kukiri kosa. Mwombwaji akikubali, yeye ndiye anayepata kitufe. Akikataa, kitufe huenda kwa mwombaji. Vitufe hivyo hutumika baadaye kushinikiza matukio mengine. Tazama jinsi kilivyo chema: kukubali kuna faida, kukataliwa kuna faida, na hakuna aliyechomoa panga. Tumewahi kuazima njia hii tukitumia mbegu za bao badala ya vitufe, tukamfanya Atieno amwombe Barasa akiri kwamba alimwogopa mtoza ushuru. Tukio hilo lilituchukua jioni nzima bila dadu hata moja.

Siri je? Tunatumiana ujumbe na msimamizi kwa WhatsApp ili wengine wasijue.

Punguzeni. Simu zikianza kuwaka chini ya meza, wengine huacha kucheza na kuanza kukisia. Siri inayofichwa miezi mitano pia huwa na raha ya mtu mmoja tu, na siku inapofichuka wengine wanagundua kwamba walikuwa wakicheza hadithi nyingine.

Jaribuni siri ambayo wachezaji wote wanaijua na wahusika hawaijui. Kila mtu aliyesimuliwa habari za Luanda Magere, shujaa wa Kano mwenye mwili wa jiwe, anajua tangu mwanzo kwamba mke wa Kinandi aliyepewa atagundua nguvu zake ziko kwenye kivuli. Anajua kisu kitagusa kivuli na damu itatoka. Anajua mke atakimbilia kwao usiku, na mkuki utachomwa kivulini. Kujua hakumpunguzii msikilizaji chochote. Ndiko kunakomfanya ashike pumzi shujaa anapougua na kumwita mkewe alete dawa. Msaliti wenu akijulikana na wachezaji wote, kila neno lake la upole litakuwa na makali, na wenzake watamsaidia kuupika usaliti huo badala ya kuuvizia.

Sisi tunautaka usaliti wenyewe, wa kushtukizana. Tucheze nini?

Basi chezeni mchezo uliojengwa kwa ajili hiyo, na kila mtu ajue ameketi kucheza nini. Paranoia, uliotoka 1984, humpa kila mhusika nakala 6 za mwili wake, kwa hiyo kuuawa na mwenzako ni usumbufu mdogo na mchezaji hatoki mezani. Fiasco ya Jason Morningstar, ya 2009, haina msimamizi, huchezwa na watu 3 hadi 5 kwa jioni moja, na kila mhusika anatarajiwa kuharibikiwa. The Mountain Witch ya 2005 huwapandisha mashujaa wa Kijapani mlima Fuji, kila mmoja akiwa na jambo zito analoficha. Wachezaji hupeana pointi za kuaminiana, na pointi zilezile ulizopewa kumsaidia mwenzako unaweza kuzitumia kumwangusha. Huo wa mwisho ningewashauri wanaotaka uchungu wa kweli.

Tunaweza kutumia uhasama wa makabila katika hadithi? Si ni mambo ya kubuni tu?

Makabila ya kubuni yenye historia yao ya kubuni, ndiyo, kwa uangalifu. Makabila yetu halisi, au ya kubuni yaliyovalishwa majina na matusi ya mtaani mpaka kila mtu anajua ni nani anayesemwa, kwenye meza yangu hapana.

Kisumu na Nakuru ziliguswa moja kwa moja na yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika vifo 1,133 nchini. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati ule ni mtu mzima anayeketi nawe leo, na huenda hajawahi kumweleza mtu alichokiona barabarani. Mhusika akisema "rudini kwenu" au akichora alama kwenye mlango wa nyumba, unaweza kuwa umemfungulia mwenzako kitu asichokuja kukifungua.

Kama kikosi kweli kinataka hadithi ya watu kufurushwa makwao, na inaweza kuwa hadithi nzuri mno, lizungumzeni kwenye kikao cha maandalizi. Kila mtu aseme jambo ambalo halitatokea kabisa, na jambo ambalo linaweza kutokea ila lisisimuliwe kwa kina. Wekeni pia kadi yenye alama ya X katikati ya meza, njia iliyoenezwa na John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, tukio linarukwa. Hakuna anayemuuliza kwa nini, wakati huo wala njiani kurudi nyumbani.

Wahusika wakigombana, wachezaji wetu huhamia Dholuo. Kuna shida?

Ikiwa wote mezani wanaielewa, ni raha tupu. Hakuna matusi yanayonoga kama ya lugha ya mama. Akiwepo Mkisii, Mluhya au Mkalenjin asiyeielewa, ugomvi umemtoa nje ya chumba. Semeni sentensi moja kwa ajili ya ladha, kisha rudini kwenye Kiswahili.

Kikao cha maandalizi kiulize nini kuhusu migogoro?

Mahitaji ni machache. Wahusika wanaweza kuibiana? Wanaweza kupigana? Wanaweza kuuana? Nani anaamua matokeo? Andikeni majibu kwenye karatasi moja ibaki ukutani au kwenye kundi la simu.

Wengi husahau saa ya kumalizia. Mtu wa Kondele anataka kufika kabla giza halijakolea, wa Maseno anawahi matatu. Mgogoro ulioanza dakika kumi kabla ya watu kuondoka hukatwa katikati, na mtu hulala na hasira ya mhusika wiki nzima. Sisi hatuanzishi ugomvi mkubwa katika nusu saa ya mwisho. Umeme ukikatika, vivyo hivyo: mshumaa unatosha kumalizia tukio, hautoshi kusoma uso wa mwenzako kama ameumia.

Limeshatokea. Mhusika mmoja amemuua mwingine na mwenyewe amekasirika. Tufanye nini?

Simameni hapohapo. Msiendelee na hadithi "ili tuone." Msimamizi amuulize kwanza aliyepoteza mhusika, faraghani ikibidi: unataka kifo hiki kisimame? Akisema hapana, tukio linafutwa; mnarudi pale kabla panga halijatoka na kusimulia upya. Watu huona aibu kufuta, kana kwamba hadithi ni ushahidi wa mahakamani. Hadithi ni yenu, mnaweza kuirekebisha.

Akisema ndiyo, yeye ndiye asimulie mwisho: maneno ya mwisho, nani alimfunga macho, alizikwa wapi. Mhusika aliyezikwa vizuri huacha kitu kwa waliobaki, na mara nyingi hasira huishia kaburini hapo.

Aliyeua asilazimishwe kuomba msamaha mbele ya wote. Zungumza naye baadaye, mkitembea. Muulize alitaka nini tukio lile liwe. Wengi hujibu kwamba walidhani mwenzao angejitetea, au angetoroka, na hawakujua jinsi ya kurudi nyuma. Hao hufundishika. Mara chache hukutana na anayefurahia mwenzake kuumia. Huyo usimwalike tena, hata kama ndiye mwenye dadu.

Wanafunzi wa klabu ya shule waruhusiwe?

Muhula wa kwanza, kubishana kwa maneno tu. Hakuna wizi, hakuna kupigana. Wakishazoea kuulizana ruhusa bila kukumbushwa, fungueni kidogokidogo.

Mhusika wangu kweli hawezi tena kuandamana na kikosi. Nimalizeje?

Aondoke. Ni jibu linalosahaulika, ilhali watu huachana kila siku bila kuuana. Mpe tukio moja la kuaga: Atieno anashuka Usenge alfajiri, hamwangalii Barasa, anaacha wavu wake mashuani. Amua na msimamizi kama atarudi siku moja, na kama anaweza kurudi akiwa adui. Usipotaka hilo, sema, naye aheshimu. Karatasi ya mhusika ibaki kwako. Mhusika mpya aingie kikao hichohicho, awe kiwango kimoja na wenzake, na uje ukiwa umeshachagua mtu mmoja kikosini ambaye tayari anamfahamu.